Mnazi wa nyumbani, mchikichi wa kiwanda

Waambie watoto wa shule hapa Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese vya Ziwa Viktoria, Uganda, wachore kisiwa, na wengi watakuchorea mnazi. Mchanga mweupe, mnazi uliopinda, jua kwenye kona ya karatasi. Hawa ni watoto waliozaliwa kisiwani. Baba zao wanavua sangara na mukene, yaani dagaa, usiku wanalala wakisikia mawimbi ya ziwa, lakini wakiambiwa wachore kisiwa hawachori mvule wala musizi, hawachori mwalo na mitumbwi yake. Wanachora kisiwa walichokiona kitabuni. Basi siku moja, somo likiwa linaisha, mvulana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, mnazi si ndio huu wetu wa mafuta?" Alikuwa anaonyesha nje ya dirisha, ambako michikichi imepangwa mistari kwa mistari mpaka macho yanapokomea.

Nikamwambia hapana, ni ndugu tu, mimea ya ukoo mmoja. Kengele ikagongwa, wakatoka. Ila swali lake ni kubwa kuliko kipindi cha Kiswahili, na hapa nataka kulijibu kwa kirefu. Naamini visiwa vya Ssese leo vimefika pale pale ambapo visiwa vingi vya minazi viliwahi kufika, na yaliyowapata wenzetu yanatuhusu sana.

Mama yangu ni mtu wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Aliolewa Kampala, akaja kuishi Kibuli na mbuzi yake ya kukunia nazi ndani ya mzigo. Huku mnazi si mti wa kutegemea. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mnazi unataka joto la pwani, usiku na mchana. Ukiupanda Kampala utaota na kupendezesha bustani, lakini kuzaa ni shida. Kwa hiyo nazi zetu zilikuja kwa malori kutoka Mombasa, zikiwa zimeshafuliwa, na mama alizichagua sokoni kwa kuzitikisa sikioni moja moja. Isiyo na maji aliirudisha kwenye fungu bila maneno.

Kumwona mama akikuna nazi kulinifundisha mambo mengi. Anakaa juu ya mbuzi, anashika kifuu kwa mikono miwili, anakizungusha polepole kwenye ulimi wa chuma, na nazi nyeupe iliyokunwa inajaa kwenye sinia. Hafiki kwenye ganda. Ukikuna mpaka kwenye kifuu, tui linaharibika rangi. Kisha maji ya vuguvugu, kisha kifumbu. Tui la kwanza, zito, anaweka kando na kulifunika. Anatia maji tena, anakamua la pili, jepesi, na hilo ndilo linalochemsha sangara na kitunguu na bizari. Tui zito linaingia mwisho kabisa, moto umeshapunguzwa, na hapo mwiko hautoki mkononi mwake mpaka chungu kiepuliwe, lisije likakatika. Chicha wanapewa kuku. Kifuu kinaenda jikoni kuwasha moto, kwa sababu kinawaka vizuri kuliko makaa tunayonunua.

Hapo Kibuli tulipata nazi tu. Mti wenyewe na mambo yake yote ulibaki pwani, na ilibidi niende Jambiani kuuona ukifanya kazi yake.

Mama mkubwa wangu kule anasokota kamba. Makumbi, yale maganda ya nje ambayo sisi wa Kampala hatuyaoni, hayatupwi. Wanawake huyafukia ufukweni, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, wakayagandamiza kwa mawe, wakayaacha miezi. Chumvi na maji vinafanya kazi, nyama ya kumbi inaoza, nyuzi zinabaki. Siku ya kufukua harufu yake ni kali mno. Wanaketi wakiyaponda kwa magongo, wanayaosha kwa maji ya bahari, wanayaanika, na jioni una usumba wa rangi ya dhahabu. Nilimkuta mama mkubwa barazani. Shikamoo. "Marahaba mwanangu. Kaa chini, kazi hii haimtaki aliyesimama." Akaweka nyuzi juu ya paja, akazisukuma kwa kiganja, mafungu mawili yakazungukana yakawa kamba, na kila yalipokuwa yanakaribia kwisha akaongezea usumba bila kutazama, mazungumzo yakiendelea. Kamba hiyo inafunga boriti, inatanda kitanda, inafunga ngalawa.

Makuti juu ya paa, ufagio wa chelewa uani, upawa wa kifuu jikoni, dafu kwa mgonjwa, mafuta ya nazi kichwani mwa mtoto, na mti ukizeeka na kuacha kuzaa, gogo lake linakuwa nguzo. Nikiandika yote nitachosha watu wa pwani, ambao wanayajua tangu utotoni. Jambo ambalo nadhani linasahaulika ni la umiliki. Unguja mtu anaweza kuwa na minazi kwenye ardhi ambayo si yake, akala matunda yake, akawarithisha wanawe. Mti una mwenyewe, na mwenyewe ana jina na mlango wa kubisha hodi. Ng'ambo ya bahari, kwa Wamijikenda wa bara ya Mombasa, mmisionari Krapf aliandika katika karne ya 19 kwamba kuuharibu mnazi kulihesabiwa sawa na kumuua mama mzazi, kwa kuwa mti ule unawapa watu uhai na lishe kama mama anavyompa mwanawe. Nikisoma hivyo namwelewa mama yangu, aliyekuwa akinuna akisikia nazi imeozeshwa.

Na minazi hiyo ilitoka mbali. Mwaka 2011 wataalamu wa jenetiki walichapisha utafiti wao kuhusu minazi ya dunia nzima, wakaonyesha kwamba ina koo mbili kubwa, moja ya Pasifiki na nyingine ya Bahari ya Hindi. Koo hizo zimechanganyika huku kwetu, kwenye pwani ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska. Damu hiyo ya Pasifiki haikuja kwa mawimbi peke yake. Nazi huelea na inaweza kuota hata baada ya kukaa baharini zaidi ya siku mia, lakini safari hii ilikuwa ya watu wa lugha za Kiaustronesia, wale waliofika Madagaska, na hao ndio tunaowakumbuka tukiiona ngalawa na ndubi zake, yale magogo ya pembeni. Walipakia nazi chomboni kwa sababu ilikuwa maji, chakula na mbegu kwa pamoja. Nayo kamba ya usumba ikashona mitepe, majahazi ya Lamu na pwani yote yasiyokuwa na msumari. Habari za mashua za kushonwa za pwani hii zimeandikwa tangu karne ya kwanza.

Jambo hili nikiwaeleza wanafunzi wangu wanachangamka, kwa sababu mitumbwi mikubwa ya Ssese nayo ilishonwa. Mabao yaliunganishwa kwa nyuzi za mimea, bila chuma, na kwa mitumbwi hiyo makabaka, wafalme wa Buganda, walipigana vita ziwani. Msafiri Stanley aliiona kwa mamia mwaka 1875 Kabaka Mutesa alipokwenda kupigana na watu wa Buvuma, visiwa vingine vya ziwa hili. Watu wawili wasiojuana, mmoja wa bahari ya chumvi na mwingine wa ziwa la maji baridi, walitatua tatizo moja kwa njia moja: wakaenda kwenye mti wa karibu wakachukua uzi.

Sasa twende Kiribati, katikati ya Pasifiki, kwa sababu huko ndiko mnazi unakoonyesha nguvu zake zote. Nchi nzima karibu ni visiwa vya matumbawe, mikanda myembamba ya mchanga ambayo sehemu kubwa yake haizidi mita chache juu ya bahari. Hakuna mto. Hakuna udongo wa kupanda matooke wala mahindi. Maji baridi ni yale ya mvua yaliyonywea mchangani na kuelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Mnazi unamudu hali hiyo. Hauna mzizi mkuu. Unatoa maelfu ya mizizi myembamba inayotambaa pande zote, ikishika mchanga na kutafuta lile tabaka jembamba la maji. Unastahimili chumvi hewani na upepo mkali. Pamoja na mkadi na magimbi makubwa yanayolimwa kwenye mashimo yaliyochimbwa mpaka kwenye maji, ndio uliowawezesha watu kukaa mahali ambapo ukipatazama kwenye ramani unajiuliza wanakula nini.

Wanakula samaki na nazi, na wanakunywa karewe. Sisi tunamjua mgema kwa methali, yule anayesifiwa akatia tembo maji. Kiribati mgema ni mlezi wa nyumba. Asubuhi na jioni mwanamume anapanda mnazi wake, anafungua karara aliloligandamiza na kulifunga kwa kamba, anakata ncha yake kipande chembamba mno, na utomvu mtamu unaanza kudondoka chomboni. Akiwa huko juu anaimba, na walio chini wanajua ni nani yuko kwenye mti gani. Utomvu huo ukinywewa mbichi, kabla haujachacha, una vitamini C, na katika kisiwa kisicho na machungwa wala mboga za majani za kutosha hilo ni jambo la uhai wa watoto. Ukichemshwa unakuwa asali nzito ya kuweka akiba. Ukiachwa, unakuwa pombe. Mti ule ule, na mkono wa mtu mmoja kuamua.

Najua kuna wanaosema mnazi ni mti wa neema kwa kila kitu, kwa watu na kwa mazingira, na hapo ndipo ninapotaka kwenda taratibu. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilianza kutaka mbata, ile nazi iliyokaushwa, kwa ajili ya sabuni, na baadaye siagi ya mimea. Wafanyabiashara wa Kijerumani wakajenga mashamba makubwa Samoa. Visiwa vidogo vilivyokuwa na misitu yake ya asili vikafyekwa na kupandwa minazi tupu, mistari mirefu, kwa bei iliyopangwa mbali. Wasamoa wenyewe mwanzoni mwa karne ya 20 walijaribu kuanzisha kampuni yao ya kuuza mbata ili wasipangiwe bei na wageni. Serikali ya kikoloni ikaizima.

Kisiwa cha Palmyra, kaskazini mwa Kiribati, kinatuonyesha gharama ambayo haikuandikwa kwenye daftari lolote. Watafiti walilinganisha sehemu zilizobaki na msitu wa asili na sehemu zilizotawaliwa na minazi. Ndege wa baharini hawapendi kulala wala kutaga kwenye minazi. Wanapenda miti ya asili yenye matawi mengi. Palipojaa minazi ndege wakapungua, mbolea yao ikapungua, udongo ukafukarika. Halafu ikaonekana kwamba haikuishia nchi kavu: mvua inapoosha mbolea ya ndege kwenda baharini inalisha viumbe vidogo vinavyoelea majini, na hao ndio chakula cha samaki wakubwa waitwao taa, wanaoogelea karibu na ufuko. Penye minazi mitupu, hata taa walikuwa wachache. Miti ya ufukweni ikibadilika, samaki wanajua. Siku hizi wahifadhi wanang'oa minazi Palmyra ili msitu urudi.

Mti ni ule ule unaomlisha mtoto wa Kiribati. Tofauti ni kwamba mahali pamoja ulikaa kati ya nyumba, pamoja na miti mingine, mikononi mwa mwenyewe, ukatoa mambo ishirini. Mahali pengine ulipewa kisiwa kizima, ukatakiwa kutoa kitu kimoja kwa mtu aliye mbali.

Narudi Kalangala. Wilaya yetu ina visiwa 84, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliviangamiza kiasi kwamba serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wote. Waliporudi baadaye walikuta msitu. Wazee wa Bugala, kisiwa chetu kikubwa, wanaongea juu ya msitu huo kwa heshima. Huku ndiko nyumbani kwa Mukasa, lubaale, yaani mungu, wa ziwa, ambaye hekalu lake liko kisiwa cha Bubembe, na kuna miti ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Kasuku wa kijivu bado wanapita jioni wakipiga kelele, nawashukuru kila wanapopita.

Kisha, katikati ya miaka ya 2000, ukaja mradi wa serikali wa mafuta ya kula, kwa mkopo wa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo na mwekezaji binafsi. Mpango ulikuwa hekta 10,000 hivi: 6,500 za shamba mama la kampuni, 3,500 za wakulima wadogo. Misitu ya Bugala ikaangushwa, michikichi ikapandwa.

Sitaki kusema uongo kwa kuipenda hoja yangu. Wazazi wa wanafunzi wangu wanalipa karo kwa pesa za michikichi. Nyumba za mabati zimeongezeka, feri na barabara zimeboreka, na mkulima mwenye ekari zake chache anapata malipo kila mwezi, jambo ambalo mvuvi hawezi kuliahidi. Mchikichi wenyewe si mgeni wa Afrika. Asili yake ni misitu ya magharibi na kati ya bara hili, na marafiki zangu Wakongo wa Kampala hawawezi kupika sombe, majani ya muhogo, bila mawese. Hata kuna tai mmoja, mweupe mwenye mabawa meusi, anayeishi hapa na Entebbe, ambaye chakula chake akipendacho ni matunda ya michikichi. Mti hauna kosa.

Kinachonisumbua ni jinsi ulivyofungwa kwa kiwanda. Nazi ikikomaa inaweza kukusubiri. Iweke pembeni wiki kadhaa, kaushe mbata, uza bei ikipanda. Mkungu wa mchikichi ukikatwa unaanza kuharibika siku hiyo hiyo. Unatakiwa ufike kiwandani haraka, ndani ya siku moja hivi, la sivyo mafuta yanachachuka na daraja linashuka. Kiwanda ni kimoja. Lori lisipopita, mkulima anakaa barabarani akitazama mikungu yake. Bei ikitangazwa, anaisikia kama anavyosikia habari za hali ya hewa. Na kwa kuwa mchikichi huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuvunwa na unakaa shambani miaka kama 25, aliyepanda amekwishaamua pia kwa niaba ya mwanawe.

Ukiingia ndani ya shamba, kivuli ni kizito, kangaga za porini zimeota kwenye vigogo, makuti yaliyokatwa yamelazwa katikati ya mistari. Mvunaji anainua mundu wake kwenye mpini mrefu, anakata, mkungu unaanguka kwa kishindo na punje nyekundu zinatawanyika. Mkewe anaziokota moja moja, mikono imechanjwa na miiba. Nyumbani kwao hakuna tone la mawese hayo. Mafuta wanayokaangia ni ya chupa, ya dukani.

Na pale bondeni kwenye kinamasi, karibu na shule, kuna mti mwingine wa ukoo huu huu ambao hakuna aliyeuandikia mpango: mkindu. Jaja mmoja, yaani bibi, jirani yetu, anasuka mikeka ya ukindu, anaupaka rangi ya zambarau na kijani, anasuka mikanda mirefu kisha anaishona pamoja. Siku nilipompelekea mkeka wa Pemba aliousuka rafiki ya mama, aliugeuza upande wa nyuma kwanza, akafuata mshono kwa kidole mpaka mwisho, akaniambia: "Huyu mama tungeelewana." Walikuwa wametumia mti mmoja na kushona namna moja, mmoja baharini, mwingine ziwani. Lakini Jaja sasa haendi bondeni. Kinamasi kimelimwa mpaka kwenye maji, mikindu imekatwa, anamtuma mjukuu kwa boda boda ng'ambo ya kisiwa kutafuta majani machanga, na mkeka uliokuwa unamlisha umeanza kumgharimu.

Buvuma nako michikichi imeanza kupandwa. Kwa hiyo nayasema haya nikiwa na haraka. Wenye ardhi wa Buvuma, mkipewa miche, msitoe shamba lote. Acheni migomba, acheni mivule, acheni kahawa na mtu wa kuamua lini iuzwe. Ulizeni mapema kama kikundi kitaruhusiwa kuwa na mashine yake ndogo ya kukamua mawese, ili chungu cha nyumbani kipate kwanza. Na msiuguse ufukwe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2000 inalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria, na baada ya kusoma habari za taa wa Palmyra mimi siichukulii kama sheria ya makaratasi. Samaki wetu wanazaliana kwenye maji hayo ya kando, chini ya mizizi hiyo.

Huku Bugala tunaanza na bonde la shule. Mkindu ni rahisi kuupanda, kwa kuwa unatoa machipukizi shinani; unalichimba chipukizi pamoja na mizizi yake, unalipanda penye unyevu, unalikinga na mbuzi. Jaja amekubali kuwaonyesha watoto lipi la kung'oa na lipi la kuacha na mama yake. Wazazi wawili waliolima mpaka majini wamekubali kurudi nyuma, wa tatu bado tunazungumza naye. Mvua za Machi zikishika, tunapanda.